Hapa Pametafunwa

Nikiri mapema, nisije nikasahau:
nami niliubonyeza ule mshale wa juu.
Tramu ilikuwa imekwama, theluji imeziba reli,
Łódź nzima ina rangi ya bati,
nimevua glavu moja kwa meno,
na kidole gumba, kwa kukosa kazi,
kikampa kura mtu ajiitaye Kunguru.

Habari yenyewe ilikuwa tamu, siwezi kusema uongo.
Wanawake wa kiwanda cha nyuzi, karne iliyozikwa:
majina yao, ujira wao, faini zao.
Kopeki tano kwa kucheka kazini.
Kopeki kumi kwa kufungua dirisha.
Kura elfu tisa mia nne na kumi na mbili.
Mmoja aliandika "nimelia", wa pili "nami pia",
machozi yakapanga foleni.

Sikujua kwamba orodha ile ina mwenyewe,
wala kwamba mwenyewe anaishi ghorofa ya juu yangu
na kila jioni namsikia akiburuta kiti.

Bogumiła Szczepanik, fundi mizani mstaafu.
Miaka thelathini alizunguka kwa wachinjaji
na mawe yake ya shaba ndani ya mkoba.
Kisha majira matatu ya baridi, nyumba ya nyaraka,
penseli tu, wino marufuku,
akinakili mwandiko ulioliwa na panya.
Na kila palipoliwa aliandika
kwa herufi zilezile, bila haya:
*hapa pametafunwa.*

Yake aliitundika Jumanne. Ikapata kura nne.
Moja ya mwanawe aliyeko Gdynia.
Moja yake mwenyewe, kidole kiliteleza.

Alhamisi akaja Kunguru, akaibeba nzimanzima,
hata kosa lake la tahajia, mstari wa sita, alilibeba.
Panya tu ndiye aliyemwacha.
Kila pengo alilijaza jina la kubuni,
maana pengo halipendezi machoni,
na watu wakamvika kilemba, wala si cha ukoka:
cha hariri, chenye namba.

Nilipanda ngazi nikiwa na keki ya mbegu za mpopi,
kama anayekwenda msibani.
"Majina si yangu," alisema, akikata vipande sawasawa,
sawasawa kabisa, nilitazama.
"Wala ujira si wangu. Mimi nami ni mnakili.
Kunakili si kosa, jirani. Kosa ni kumfuta panya."
Akalamba kisu.
"Sikuwahi kukuta mizani mwongo, maisha yangu yote.
Nilikuta vidole gumba juu ya sahani."

Nikaficha mkono chini ya meza.

Kisha akanionyesha barua kutoka Curitiba, Brazili:
mama mmoja amemwona bibi wa mamaye humo orodhani,
Marcjanna, faini kopeki tano, alicheka.
Amelichapa jina, amelitia fremu, ameliweka karibu na chumvi.
Alimwandikia Kunguru kushukuru, hakujibiwa;
akatafuta, akauliza, akafika kwa Bogumiła.
Ukurasa wa arobaini na moja, mstari wa tisa.
Faini ipo. Kicheko kipo.
Jina hakuna. Pale panya alikula.

Ushahidi wa wizi ulikuwa mezani, kati ya makombo.
Jina moja tu, na Kunguru angenyonyolewa hadharani.

Nilishuka kwangu nikaiondoa kura yangu.
Kumi na moja, ikasomeka. Nilipopepesa jicho: kumi na tisa.

Juu, kiti kiliburutwa.
Kesho yake alinipa barua niipeleke posta,
wazi, kwa kuwa hakuwa na gundi,
na mimi, mwizi mdogo wa ngazini, nikaisoma:

"Bibi mpendwa, kwenye mstari huo kuna mwanamke aliyecheka.
Huenda ni wenu. Jina limetafunwa.
Fremu msiishushe. Chini yake andikeni hivyo,
kwa penseli."